Nyuma ya Lango la Mawe

Vumbi linaloungua juu ya mashine iliyopata moto lina harufu yake, na mtu aliyekulia Bunia katika miaka yangu hawezi kuikosea. Ndani yake kuna plastiki, kuna unywele uliosogezwa karibu mno na mshumaa, na kwa mbali kuna esansi, yaani petroli. Niliisikia tena mwaka huu nyumbani kwangu mtaani Bigo, Jumapili mchana, tumetoka misa, mimi nimekaa mkekani nachambua sombe, majani ya muhogo ya mboga, na mwanangu Exaucé amekaa mbele ya televisheni. Alikuwa anacheza mchezo mpya ambao baba yake aliuagiza Kampala. Ulikuwa wa tatu wa jina lilelile, na kilichoutofautisha na wenzake ni tarakimu tu iliyoandikwa kwenye jalada. Mtoto aliusubiri tangu Pasaka.

Ghafla akatupa maneti, kile kidude cha kuchezea, kwenye kochi.

"Mama, ona! Ni kule kulekule! Banapaka tu rangi!"

Nikainua macho. Uwanja wa mawe, minara, lango mwishoni. Katika mchezo uliopita askari walivaa kijani, na sasa walivaa zambarau. Nikainuka kwa nguvu mpaka sombe ikamwagika. Msinicheke. Haikuwa hasira ya mama aliyeona pesa ya mumewe imepotea. Ilikuwa hasira ya mtoto wa miaka tisa, na nimeibeba tangu hapo bila kupata mahali pa kuitua. Nawaeleza ninyi kwa sababu nikiwaeleza watu wa kazini wataniona nimerukwa na akili.

Kazini kwetu kuna bwana mmoja wa rika langu ambaye kila wakati wa chai analalamika kwamba michezo ya video siku hizi haina jipya. Wanaiga, anasema, wanarudia, wanauza kitu kimoja mara tano. Hapo nakubaliana naye. Kisha anaweka kikombe chini, anaangalia dari, anasema, "Lakini zamani! Zamani ndiyo kulikuwa na ubunifu." Hapo huwa natamani kummwagia chai. Zamani ipi? Mimi hiyo zamani niliiona kwa macho yangu, nimebanwa kwenye benchi kati ya watoto waliotoka jasho, na nitawaambia ilikuwa na nini ndani yake.

Papa Kambale alikuja kutoka Butembo, akapanga chumba cha mbao mtaani Lumumba, akakifanya sali ya jeu, yaani chumba cha kuchezea michezo ya video kwa malipo. Ilikuwa na televisheni moja yenye mgongo mkubwa, mashine moja ya kijivu, na mabenchi yaliyotuchana suruali na sketi bila ubaguzi. Nyuma ya ukuta kulikaa gurupe, ndivyo tunavyoiita jenereta, imefungwa mnyororo kana kwamba ingetoroka. Jumamosi asubuhi gurupe ile ilichaji simu za watu wa soko na ilinguruma mfululizo. Mchana, simu zikiisha, ilikuwa zamu yetu, na hapo Papa Kambale aligeuka kuwa mtu mwingine. Alipima esansi kwa chupa ya bia. Chupa moja iliingia kwenye tangi, tukacheza, na chupa ilipokwisha ilikuwa imekwisha. Hakuongeza hata tone mpaka gurupe ipoe na yeye amalize kula, naye alikula polepole mno.

Dada yangu Béatrice, Béa, alikuwa na miaka kumi na tatu. Yeye ndiye aliyefagia sali kila Jumamosi asubuhi, wakati mama yetu yuko sokoni na samaki wake wa Tchomia, kule ziwani. Malipo yake yalikuwa kushika maneti peke yake kidogo kabla wateja hawajaja, na kwangu mimi mdogo wake, nafasi ya bure mwishoni mwa benchi. Alikuwa msichana mrefu, mpole, mwenye sauti nzito kidogo ambayo wenzake walimtania kwayo. Akikaa kimya ungesema hayupo.

Mchezo ulikuwa mmoja tu. Kijana mdogo mwenye kitambaa shingoni alipigana na askari wa buluu katika uwanja wa mawe. Jina lake liliandikwa kwa herufi ambazo hakuna aliyeweza kuzisoma, kwa hiyo tulimwita Kitambaa. Askari walikuwa wengi na walifanana sura, lakini sisi hatukujali, kwa sababu mwishoni mwa uwanja kulikuwa na lango. Lango la mawe, refu, lenye mistari ya dhahabu. Ukimwangusha askari wa mwisho lilianza kutetemeka, likatoa mlio wa jiwe kusugua jiwe, na ufa mwembamba wa mwanga ukatokea katikati. Na hapo, kila mara, gurupe ilikohoa. Picha ikajikunja ikawa nukta nyeupe, nukta ikafa, na sali nzima ikapiga kelele.

Mashine haikuwa na kadi ya kutunza mahali tulipofikia mchezoni. Umeme ukirudi, Kitambaa alirudi mwanzo, askari wote wamefufuka. Mtoto mwepesi kuliko wote alifika mpaka kwenye ule ufa wa mwanga, basi. Kwa muda wa mwaka mzima, na zaidi, hakuna aliyejua kulikuwa na nini nyuma ya lango.

Isipokuwa Béa. Siku moja gurupe imezimika, watu wananung'unika, akasema kwa ile sauti yake nzito, "Miye najua kule kuko nini." Tukageuka wote. Akaanza kusimulia, na hatukusikia hata Papa Kambale alipomaliza kula.

Nyuma ya lango, alisema, kulikuwa na ziwa ambalo halipo. Lilikuwa limeondoka kwenda kuwasalimia ndugu zake ng'ambo ya milima, likaacha mitumbwi imekaa kwenye matope na samaki wakizunguka na mizigo kichwani, wakiuliza njia. Kitambaa alipaswa kufuata nyayo za ziwa, nyayo pana zenye maji ndani, na ole wake akikanyaga kando. Njiani alimkuta mama mmoja anabanika samaki kwenye moshi. Moshi wa mama yule haukupanda juu. Ulikwenda kwa miguu, ukaingia nyumba hii ukatokea ile, na ndani yake waliishi watu walioondoka makwao bila kurudi. Hawakuwa wafu, Béa alitueleza kwa ukali, na asithubutu mtu kuwaita mizimu. Walikuwa na kazi. Walitengeneza mitumbwi ili ziwa likirudi likute iko tayari.

Mji wakati ule ulikuwa umetulia kidogo baada ya vita, na karibu kila nyumba ilikuwa na sahani iliyoacha kupakuliwa. Watu wazima hawakuongea juu ya jambo hilo mbele yetu. Ukimwuliza mama, anakutuma maji. Kwa hiyo hebu fikirini ilikuwaje kwetu pale kwenye benchi, Béa alipomtazama mtoto wa kwanza machoni na kumwuliza, "Weye unatafuta nani?"

Mmoja alimtafuta bibi yake. Mwingine kaka. Béa hakuwachukua hivihivi. Aliuliza walivyotembea, walivyocheka, walipenda kula nini, kisha akawatafutia kazi katika moshi, na Jumamosi iliyofuata Kitambaa alikutana nao. Na aliyekuwa na mengi ya kueleza kuliko wote alikuwa Dieumerci, tuliyemwita Dieume, jirani yetu. Baba yake alikuwa fundi wa baiskeli. Wakati wa vita alitoka nyumbani asubuhi kutafuta unga, na mpaka leo. Dieume alimpa Béa kila kitu: pengo la meno, kofia ya sufu, namna alivyokohoa kwanza kabla ya kusema neno. Basi baba yake Dieume akawa fundi mkuu wa mitumbwi, na Kitambaa alipopotea, ni yeye aliyekohoa katika moshi ili Kitambaa aifuate sauti. Béa aliiga kile kikohozi. Dieume alicheka mpaka machozi, na akamwomba akikohoe tena.

Sisi hatukujua kwamba ni hadithi. Nataka mlielewe hilo vizuri. Kwetu ilikuwa ni ramani. Béa alifanya kazi katika sali, aligusa mashine asubuhi, kwa nini asijue? Kila mtoto aliyeshika maneti alipigana na askari wa buluu akiwa na mtu wake wa kumfikia. Nilimwona Dieume anapigana amefunga midomo, kidole gumba kimevimba, na nilijua anakimbilia wapi.

Kisha Papa Kambale akapata pesa. Akanunua gurupe mpya iliyotoka Uganda na kadi ya kutunza mchezo, akatangaza mtaa mzima kwamba Jumamosi hiyo lango litafunguka. Sali ilijaa mpaka watoto wengine wakakaa dirishani. Dieume alivaa shati la Jumapili. Hakuna aliyemcheka, na kila mtu alikubali kwamba yeye ndiye ashike maneti. Béa alikuwa amesimama mlangoni na fagio lake mkononi. Nilimwita aje akae karibu nami, akatikisa kichwa.

Askari wa mwisho akaanguka. Lango likatetemeka. Gurupe haikukohoa. Ufa ukapanuka, mwanga ukajaa televisheni, Kitambaa akaingia.

Uwanja wa mawe. Minara ileile. Askari walewale, sura ileile, mwendo uleule. Walikuwa wekundu.

Dieume akapigana tena, polepole, akifikiri labda ni njia tu. Mwishoni mwa uwanja kulikuwa na lango lingine, akalifungua, na nyuma yake kulikuwa na uwanja wa mawe wenye askari wa kijani. Baada ya hao yakaja maandishi ya Kiingereza, muziki kidogo, na Kitambaa akarudi mwanzo kabisa, mbele ya askari wa buluu. Mchezo ulikuwa umekwisha. Hiyo ndiyo zamani ya yule bwana wa kazini. Huo ndio ubunifu anaoulilia kila siku juu ya kikombe cha chai.

Dieume aliweka maneti chini taratibu. Akageuka mlangoni.

"Béa. Papa yangu iko wapi?"

Béa akalishika fagio kwa mikono miwili.

"Nakuuliza, papa yangu iko wapi?"

Papa Kambale akacheka. Sikumsamehe kicheko kile na sitamsamehe. Alicheka akipiga paja, akasema, "Eee, batoto! Huyu mutoto mwanamuke alikuwa anawadanganya siku yote! Muliona ziwa humu? Mashine haiwezi kudanganya." Basi ikawa ruhusa. Wakamzunguka dada yangu, wakamwita mwongo, wakamwita mchawi, mmoja akamnyang'anya fagio. Dieume akamsukuma ukutani. Mimi nilikuwa mdogo na sikuweza kufika usoni kwa mtu yeyote, kwa hiyo nilimng'ata Dieume mkono kwa nguvu zote nilizokuwa nazo. Leo ni baba wa watoto, ana duka la simu karibu na soko, na akikunja shati alama ya meno yangu bado inaonekana. Sijawahi kumwomba radhi, na tukisalimiana wote wawili tunauangalia mkono ule.

Mnafikiri watu wazima walituliza mambo? Habari ilifika sokoni kabla yetu. Mama alirudi na beseni lake la samaki, uso umebadilika, akasema Béa amechezea maumivu ya watu, ameaibisha nyumba. Akampeleka kwa mama Dieume, akampigisha magoti uani mbele ya majirani, aombe msamaha. Béa akaomba. Alisema kila neno aliloambiwa aseme. Mama Dieume alikuwa analia na hata hakumtazama, na alipomaliza kulia akamwuliza kwa sauti ndogo kama kweli alijua kukiiga kile kikohozi. Mama yangu akajibu kwa niaba yake kwamba hatarudia tena.

Na hakurudia. Sali alikatazwa, lakini si hilo ninalosema. Nyumbani tulilala kitanda kimoja, na nilimwomba, nilimsihi, nilimfinya, anieleze tu kama ziwa lilirudi. Alijifunika shuka. Shuleni mwalimu akisema waandike insha ya kubuni, Béa alinakili kifungu kutoka kitabuni, neno kwa neno, na alipata alama nzuri. Aliolewa Tchomia na mtu mwema. Ana watoto, na katika nyumba yake hadithi wanasimuliwa na baba.

Mimi nikawa mtu mwenye hasira na watu ambao sijawahi kuwaona. Mpaka leo nikifua nguo, nikisubiri foleni ya benki, nawafikiria. Wale waliotengeneza mchezo ule. Walikaa katika nyumba nzuri, huko waliko, na walikuwa na umeme! Umeme usiokatika, meza, mishahara, muda. Waliweka lango refu kuliko yote, lenye dhahabu, wakaliwekea mlio unaomfanya mtoto aache kupumua. Kisha wakajiuliza nyuma yake waweke nini, na mmoja akasema tupake askari rangi nyekundu twende nyumbani. Mtoto wa Lumumba angefanya nini? Angelipa tena. Na sasa wana wajukuu wa kazi ileile, wamemuuzia mwanangu lango lilelile kwa tarakimu mpya. Msiniambie wamepoteza ubunifu. Mtu hupoteza alichokuwa nacho. Sisi tuliokuwa nao, kwenye chumba cha mbao, gurupe imezimika, tulimpigisha Béa magoti uani.

Likizo hii nilimpeleka Exaucé Tchomia kwa mama yake mkubwa. Béa amenenepa kidogo, sauti yake imezidi kuwa nzito. Tulikuwa uani kwake, yeye anageuza samaki juu ya wavu, mimi nasaidia kuchochea kuni, Exaucé amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa anamlalamikia Béa juu ya mchezo wake mpya. Alimweleza yote, lango, rangi ya zambarau, jinsi alivyosubiri tangu Pasaka. Nilitaka kumnyamazisha. Béa na mimi hatukuwahi kuligusa jambo hilo tangu tulipoacha kulala kitanda kimoja. Lakini Béa alikuwa anasikiliza, na Exaucé alipomaliza akasema bila kuinua macho kwamba ndivyo wafanyavyo: "Njo vile banafanyaka. Nilionaka."

"Uliona ile siku pamoja na siye," nikasema.

"Hapana. Miye nilionaka wa kwanza, mbele yenu. Asubuhi, nikimaliza kufagia. Gurupe ya simu ilikuwa haizimike, nikacheza mpaka mwisho. Bekundu, halafu ba kijani, halafu kwisha." Akageuza samaki mwingine. "Mbele ata nianze kuwaambia ya ziwa."

Niliacha kuchochea. Miaka yote nilidhani alikuwa amekisia, kisha mashine ikamuumbua. Nilidhani mlangoni siku ile aliganda kwa mshangao kama sisi. Kumbe alisimama pale na fagio akijua kinachokuja, amekijua tangu neno la kwanza la ziwa, na Jumamosi baada ya Jumamosi alitutazama tukipigana kwenda kule.

"Sasa kwa nini hukusema?" Sauti yangu ilipanda mpaka Exaucé akasimama. "Papa Kambale anacheka, mama anakupigisha magoti, na weye unajua kuliko bote! Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Dieume alikuwa anatafuta mutu wa kukasirikia. Nilikuwa karibu."

"Na ile histoire yote ya ziwa? Ulitudanganyia nini, kama ulijua kule ni bure?"

Akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu tuanze kuongea, na moshi ulikuwa umemtoa machozi, au si moshi.

"Nilionaka kule hakuna mutu," akasema. "Njo nikawekaka batu."